Kitufe Kisicho na Jina

"Kitufe," kompyuta ilisema. Mama akabonyeza tena. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

"Jamani, hivi vitufe vyote ni mapacha?" aliuliza, akacheka peke yake.

Msichana aliyesimamia majaribio, aliyeketi kando yake, akaandika. Mtengeneza tovuti alisimama dirishani, amebana pumzi. Tangu mama aingie na fimbo yake nyeupe, hakuwa ametamka neno. Alijiwekea kidole mdomoni kumwashiria mwenzake asimtaje, na msichana akaona ni utaratibu tu: aliyejenga asimsaidie anayejaribu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuomba miadi ya daktari kwenye tovuti ya hospitali, kwa kusikiliza programu inayosoma skrini kwa sauti. Mwenye macho angeimaliza kabla chai haijapoa. Mama alifika penye kalenda, akapotea, akarudi mwanzo. Akapotea tena. Akakohoa, akajifuta jasho kwa ncha ya kitambaa chake.

Kila "kitufe" kilimchoma mtengenezaji. Kuvipa majina ambayo programu ingeyasoma ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Wenzake walipomkumbusha kikaoni, alijibu, "Kwani hao wasioona ni wangapi? Tutaweka baadaye." Watu walicheka, naye akacheka. Hiyo baadaye haikufika.

"Pole, mama," msichana alisema. "Tuishie hapo. Kwani miadi huwa unaipataje?"

"Si nakwenda mwenyewe alfajiri, napanga foleni. Wiki iliyopita mvua ilinikuta pale nje, nikalowa chapachapa. Hiki kifua unachokisikia ndiyo hiyo mvua."

Mtengenezaji alifumba macho.

"Na aliyeitengeneza yuko wapi?" mama aliuliza.

Msichana alimtazama mwenzake. Akatikisiwa kichwa, upesi upesi.

"Leo hayupo, mama."

"Afadhali." Mama alishusha pumzi, akailaza fimbo mapajani. "Basi nakuomba, binti yangu, msimwambie kwamba nimeshindwa. Nilijitolea kuja hapa nijifunze kimyakimya. Yule ni mwanangu wa kumzaa, na kila akinipigia simu namwambia tovuti yake naitumia bila shida yoyote."