Kiungo cha Katikati

Abdinoor alibakiza jibu moja tu aende Nairobi kwa mashindano ya sayansi. Jaji aliinamia mfano wake wa bakteria, uliotengenezwa kwa vipande vya bomba.

"Kumbe bakteria hutema dawa nje kwa kutumia vipande vitatu?"

"Naam, mwalimu. Pampu iko ukuta wa ndani, mfereji uko ukuta wa nje, na kiungo hiki cha katikati huviunganisha."

Kiungo chenyewe kilikuwa cha shaba. Alfajiri Abdinoor alikuwa amekiazima, bila kumsumbua mwenyewe, kwenye bomba la udhu la mwalimu mkuu.

"Na kikiondolewa?"

"Waryaa! Wewe kijana!"

Mlangoni alisimama mwalimu mkuu, mikono ya kanzu imekunjwa, maji yakimchuruzika kutoka kofia hadi makubazi.

Abdinoor akamgeukia jaji.

"Kila kitu humwagikia ndani, mwalimu."