Mazoezi ya Kumfukuza Mtu

"Haya, nifukuze kazi," alisema mume, akijiweka sawa kwenye kiti cha jikoni kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Mkewe alisimama mbele yake, kitambaa cha vyombo mkononi. Mume alimhurumia. Bekari ilikuwa ya mkewe, urithi kutoka kwa mama yake, na wiki hiyo maduka matatu yalikuwa yameacha kuchukua mikate kwake. Yakiondoka mengine mawili, tanuri litazimwa. Kuna mfanyakazi mmoja ilibidi aondoke, na kumwambia ndiko kulikomshinda. Huyu mwanamke, ukimkanyaga mguu, huanza kwa kukuuliza hali ya wajomba zako.

Bahati nzuri mume alikuwa bingwa wa mambo hayo. Alihudhuria semina ya siku mbili ya ufundi wa kuzungumza, akarudi na cheti, na tangu hapo hakuna aliyepumua. Mashemeji walifundishwa. Mlinzi wa benki alifundishwa. Kila duka alikopeleka mikate ya mkewe, mwenye duka alipata somo zima na maswali juu yake.

"Kwanza, nitazame machoni. Pili, usizungukezunguke. Tatu, ukishasema, nyamaza. Twende!"

"Bwana," mke alianza, "mvua za mwaka huu..."

"Achana na mvua! Nifukuze!"

Alijaribu tena. Safari hii alimsifu sana, mpaka mume akauliza kama anapandishwa cheo.

"Wenzako ulimi hauna mfupa, mama watoto. Wako una mifupa yote! Kwani ni nani huyo? Mwokaji, si ndiyo? Nilijua tu. Yule anachelewa kuwasha..."

"Ni mtu mzuri," mke alisema taratibu. "Kila mtu anampenda. Naogopa ataniona adui yake maisha yote."

"Basi usinitajie jina, siri ya mfanyakazi ni siri. Ila wema hauuzi mikate! Ukimwonea haya, utafunga bekari ya mama yako. Tena!"

Mke aliweka kitambaa mezani. Akavuta kiti, akakaa, magoti yao yakakaribia kugusana. Akamtazama machoni.

"Maduka yanatuacha kwa sababu mikate inafika saa sita mchana," alisema. "Nimekueleza mara mbili kwa upole, na mara zote mbili ulinikatiza. Kuanzia kesho hutafanya kazi kwangu tena. Uamuzi ni wangu mwenyewe, na umeniuma sana, kwa sababu nakuthamini kuliko unavyojua."

Kisha akanyamaza.

Hakuna neno lililozidi, hakuna lililopungua. Na yale machozi yaliyomlengalenga! Hayo hata kwenye semina hawakuyafundisha. Fahari ilimjaa mume kifuani, akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

"Hapo sasa! Yaani hata mimi nimeumia, na wala simo! Kesho asubuhi mwite, umwambie hivyo hivyo, usipunguze hata neno."

Mke hakuondoa macho usoni mwake.

"Nimeshamwambia," alisema.