Sungura wa Ijumaa

Janeffer alikuwa amechuchumaa katikati ya majani chai nyuma ya nyumba yake, sketi imelowa umande hadi magotini, simu mkononi. Kulikuwa kumepambazuka tu. Ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa kulikuwa na mtu aliyemwachia katoni ya sungura uani.

Safari hii alimwona. Mwanamume mrefu aliyevaa gambuti alishuka kwenye baiskeli, akafungua kamba, akaiweka katoni taratibu chini ya upenu wa zizi la ng'ombe. Alipogeuka, Janeffer alimtambua. Alikuwa Ouko, mfanyakazi wa Mzee Kipkemoi. Akampiga picha tatu.

Hakumwita. Kumkemea tu kungekuwa kidogo mno. Alitaka kumwona akipoteza kitu.

Pale Kabianga wanafunzi wa chuo hununua sungura ili wapambe vyumba vyao, kisha muhula ukiisha wanawachoka. Mzee Kipkemoi ndiye aliyewauzia, na watu walimsifu kwa sababu alikubali kuwapokea tena. Langoni kwake aliandika kwa rangi nyekundu: SUNGURA AKIKUSHINDA, MRUDISHE. TUTAMTAFUTIA NYUMBA. Janeffer, fundi wa kushona sare za shule, aliwahi kumtaja kanisani kama mfano wa mtu mwenye huruma.

Yeye mwenyewe alianza na sungura mmoja aliyeachwa na mpangaji. Sasa alikuwa na vibanda sita, na alijua kuwatafutia watu wa kuwafuga. Mwalimu mmoja mstaafu wa Sigor alichukua wawili, na baada ya mwezi Janeffer alifunga safari hadi huko kuhakikisha hawajaingia kwenye sufuria.

Lakini katoni ya kwanza hakuisahau. Iliachwa kando ya ua, mvua ikanyesha usiku kucha, karatasi ikalainika kama uji. Ndani, jike mmoja mweupe alikuwa amewafunika wanawe wanne kwa mwili wake. Wana walipona. Mama yao alikufa mapajani mwa Janeffer, miguu ikitetemeka. Siku hiyo aliapa kwamba mtu aliyefanya vile, akimpata, atamfanya alie.

Sasa, akiwa na picha zake, alioga, akavaa sweta yake ya kanisani, akaenda kwa Mzee Kipkemoi.

"Chamgei, mama. Karibu kiti," mzee alimsalimu.

Hakuketi. Alimpa simu. Mzee aliangalia picha zote tatu, akarudia ya kwanza.

"Amekuletea wangapi mpaka sasa?"

"Ishirini na watatu, tangu Januari."

"Na mimi ananiambia ameshamalizana nao."

"Ni uvivu, mzee. Wewe unamwamini, yeye anakuja kutupa kwangu. Nimechoka kuokota sungura mlangoni."

"Pole sana," Mzee Kipkemoi alisema kwa upole. "Hutasumbuka tena."

Ouko aliitwa kutoka vibandani, akaja na nyasi amezikumbatia. Alipoonyeshwa picha hakumtazama tajiri wake. Alimtazama Janeffer.

"Mama, ungeniuliza mimi kwanza."

"Nikuulize nini? Uliacha jike na watoto wake kwa mvua mpaka akafa."

"Ile siku mvua ilikuja nikiwa nimeshaondoka. Nilifikiri utaamka mapema."

"Kwa hivyo makosa ni yangu?"

Ouko alifungua mdomo, akaangalia pale mzee aliposimama, akaufunga. Janeffer aliona hiyo ni haya ya mtu aliyeshikwa, na moyo wake ukafurahi.

"Toa vitu vyako," Mzee Kipkemoi alimwambia. "Saa hii."

Janeffer angeweza kwenda zake. Alibaki langoni, mikono imekunjwa, aone mwenyewe. Aliona godoro likitolewa kwenye chumba cha nyuma alichokuwa akiishi Ouko, likafuatwa na jiko, na sufuria mbili. Syprose, mke wa Ouko, alitoka na mtoto mgongoni, macho mekundu, akampita bila salamu. Janeffer alimkumbuka yule jike mweupe, akajiambia kwamba sasa na wao waonje kutupwa.

Ouko alikuwa wa mwisho. Alisimamisha baiskeli mbele yake, godoro likining'inia nyuma.

"Katika wale wa leo kuna mmoja ana jicho bovu. Umwoshe na maji ya chumvi, asubuhi na jioni."

Janeffer alimwangalia akiteremka barabara ya kwenda Kiptere hadi majani chai yakamfunika, kisha akarudi nyumbani akiimba.

Wiki hiyo alishona kwa furaha. Kila aliyekuja kupimwa sare alisikia jinsi mtupa sungura alivyopatikana, na jinsi mzee yule mwema alivyokata shauri bila kupoteza muda. Wengine walimpongeza. Mmoja aliuliza Ouko na familia yake wamekwenda wapi, na Janeffer akasema hilo si swali lake.

Ijumaa ilipofika, alitoka nje mapema. Chini ya upenu hapakuwa na kitu. Alikunywa chai yake amesimama mlangoni, polepole, hadi kikombe kikaisha.

Mnamo saa nne pikapu ya Mzee Kipkemoi ilisimama nje ya duka la Janeffer la kushonea. Mzee alishuka amebeba ndoo yenye kifuniko, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Nimekuletea shukrani, mama," alisema akitabasamu, huku akifunua. "Hawa ni wa wiki hii, wale waliorudishwa na wanafunzi, nimekutolea ngozi kabisa. Kumbe Ouko miezi hiyo yote alikuwa ananidanganya kwamba amewachinja."