Darubini ya Mumewe

Asubuhi nzima vipanga wanaohama walipita juu ya mnara walikosimama mke na mumewe. Mke aliwahesabu, lakini mumewe, mwenye darubini yake mwenyewe, hakumwona hata mmoja.

"Macho yamezeeka, mke wangu," alisema, akashuka ngazi kwenda msalani.

Macho gani? Jana tu alimwona sisimizi kwenye chai!

Mke akaitwaa darubini aliyoiacha, akaielekeza angani. Ukungu mtupu. Aliyeirekebisha hakuwa akitazama mbali.

Hakugusa pa kurekebishia. Akaishusha taratibu: miti, mapaa, ukuta. Kwenye dirisha moja kila kitu kikaonekana wazi, hadi maua ya pazia.

Mdogo wake wa kike, aliyehamia majuzi kwenye chumba chenye dirisha hilo, akachungulia, akautazama mnara, akatabasamu na kupunga mkono.

Mke naye akampungia, darubini ya mumewe ikiwa bado machoni.