Sakafu Iliyopanda

Mwanakombo, mpima meli, alitega mashine yake ya leza ndani ya ngama, tumbo la chini la meli ya kubebea mbuzi. Bila kipimo chake, meli isingepewa kibali cha kuondoka. Mwale mwekundu ukazunguka kuta, ukashuka chini. Kina kilikuwa pungufu kwa dhiraa nzima kuliko kile cha kwenye mchoro. Akarudia, kikatokea kilekile.

"Sakafu imepandaje, nahodha?"

Nahodha Kitwana alicheka. "Samadi hiyo, mama. Imeshakauka. Wewe pima juu yake tu."

Mwanakombo akasogea ukutani. Kiatu kikazama, harufu ikafumuka. Alipouvuta mguu, ukatoka na kipande cha ngozi yenye manyoya.

"Hao walikufa njiani, wenzao wakawakanyaga," nahodha alisema. "Tungefanyaje?"

Mwanakombo akatapika palepale. Kisha akajifuta mdomo, akazima mashine. "Chimbeni mpaka chuma kionekane. Kabla ya hapo sipimi."

Alipotoka nje, kundi jipya la mbuzi lilikuwa limeshafikishwa gatini. Beberu wa mbele alikuwa amekita kwato chini ya ngazi, wanaume wawili wanamvuta kamba, naye hapandi.