Mume wa Mtu

Picha za harusi zilikuwa zinahama kutoka kwenye kompyuta ya mpigapicha kwenda kwenye diski ya sebuleni, kupitia mtandao wa nyumbani, kwa mwendo wa konokono. Saa tano zimebaki, na bibi harusi anazitaka leo.

"Waya wa diski umechoka huo," mume wa mpigapicha alisema, akachukua taulo akaenda kuoga.

Mpigapicha akabadilisha waya. Wapi. Akazima ruta, akaiwasha. Wapi. Basi akafungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye mtandao wa nyumbani, amjue anayewanyonya.

Kompyuta yake. Diski. Simu yake. Simu ya mumewe, iliyolala hapo mezani kifudifudi. Na cha tano, kinachovuta kuliko vyote: "Mume wa Mtu".

Jina hilo alilipachika mwenyewe, kwa utani, wiki waliyooana, kwenye simu ya zamani ya mumewe. Ile iliyoibiwa sokoni miezi minne iliyopita, hata pole akampa.

Bafuni maji yalikuwa bado yanamwagika.

Akabonyeza "Ondoa". Saa tano zikageuka dakika tisa.

Maji yakafungwa.

"Mke wangu," sauti ikauliza nyuma ya mlango, taratibu, "mtandao umekatika?"