Aliyekimbizwa

Umati ulimkimbiza Kitwana toka sokoni hadi hospitali, ukimpiga kwa mawe na marungu, ukidai ameiba pikipiki. Alipolazwa kitandani, uso umevimba na damu ikimchuruzika puani, aliwarushia wauguzi mateke na kumng'ata mmoja wao mkono.

"Mfungeni!" Dakta Salhina alipaza sauti. Wauguzi wanaume wakamlalia kifuani, wakakaza kamba. Midomo ya Kitwana ikaanza kupauka.

Nasibu, kaka yake Salhina, daktari wa wanyama aliyemnyakua Kitwana mikononi mwa umati langoni mwa hospitali, akazuia kamba. "Dada, usimkaze. Swala akifukuzwa hivi kisha akafungwa, moyo humsimama kwa hofu tu. Nimezika wengi wasio na jeraha. Waliopona ni wale tuliowafunika macho na kuwaacha kwenye kimya."

"Huyu ni mtu, Nasibu."

"Moyo ni ule ule."

Jiwe likavunja dirisha, vioo vikamwagika sakafuni. Nje walipiga kelele wapewe mwizi wao. Kitwana akakakamaa mwili mzima. Salhina akamgusa shingoni. Mapigo yalikwenda mbio ovyo, kisha yakasita. Hapo akaogopa. Akavua mtandio wake, akamfunika macho, akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe na kuwaamuru wauguzi wakae kando, kimya.

"Hakuna anayekugusa," akamnong'oneza.

Pumzi za Kitwana zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine. Marungu yakaanza kuupasua mlango, na Salhina, kichwa wazi, akainama akamziba masikio kwa viganja vyake.